Bawabu Asiyeuliza Jina

Sitamchosha msomaji kwa habari za njia iliyonifikisha Mwitiko. Njia zote za kwenda huko hupita katika ukungu, na kila aliyefika hueleza yake. Itoshe kusema kwamba nilifika alasiri, nikiwa na begi moja mgongoni, cheti cha shahada ya elektroniki ambacho kilikuwa hakijapata hata kukunjwa, na imani kubwa kwamba dunia hii inaweza kufanywa njema kwa vifaa vidogo vilivyotengenezwa kwa moyo safi.

Nchi hiyo iko bondeni. Kila siku baada ya adhuhuri ukungu hushuka kutoka milimani, ukazifunika nyumba mpaka mtu akinyoosha mkono haoni vidole vyake. Ndiyo maana watu wa huko wanaiheshimu taa. Kila nyumba ina taa dirishani, na chini ya taa kuna kidude kidogo kama kiberiti ambacho kazi yake ni kusikiliza. Wenyewe hukiita bawabu. Bawabu hana macho, na akili yake ni ndogo mno. Anaijua anwani yake, ambayo ni tarakimu chache, na anayajua maneno mawili: washa na zima. Mtu yeyote mwenye kibao cha kuandikia, na kila mtu anacho, akiandika anwani ya nyumba na neno moja mbele yake, neno hilo husafiri hewani bila waya, likavuka mito na vilima, likamfikia bawabu, naye hutii. Kisha hujibu. Kama taa ilikuwa haiwaki naye akaiwasha, hujibu, "Nimewaka." Kama ilikuwa inawaka tangu mwanzo, hujibu, "Tayari." Na kama anwani uliyoandika haina nyumba, hewa yenyewe hukurudishia, "Hapana mtu."

Chuoni niliwahi kufanya jambo kama hilo mezani kwangu. Nilikuwa na kijitaa chekundu, kikubwa kama punje ya mtama, na siku kilipowaka kwa amri ya simu yangu kutoka upande wa pili wa chumba nilipiga kelele hata mlinzi akaja kuuliza nani ameumwa na nge. Sasa fikiria nchi nzima. Nilisimama kwenye ukingo wa bonde nikamwona mzee mmoja anachota maji kisimani. Alitua ndoo, akatoa kibao mfukoni, akaandika kwa dole gumba, na mbali kabisa, ng'ambo ya bonde, mwanga mmoja ukatokeza katikati ya ukungu.

"Umefanya nini, mzee wangu?" nilimuuliza.

"Namsalimia shemeji," alisema, akaendelea kuchota.

Miguu ilikataa kuondoka. Mzee alipomaliza kujaza ndoo zake zote mimi nilikuwa bado nimesimama palepale, mdomo wazi.

Sheria ya kwanza ya Mwitiko imechongwa juu ya lango la Baraza kwa herufi kubwa: BAWABU HAMUULIZI MTU JINA. Nilielezwa kwamba waasisi wa nchi walikuwa watu waliofukuzwa kwenye malango mengi, na walikubaliana kwamba kumhoji mtu wewe nani, umetoka wapi, kabla ya kumpa mwanga, ni kumdhalilisha. Kwa hiyo yeyote anaweza kuiwasha taa ya yeyote. Machozi yalinilenga nilipoisoma ile sheria. Kwetu hata bomba la maji la mtaani lina kufuli.

Lakini mgeni aliyekuja kutazama lazima atazame pande zote, na mimi nilihudhuria mahakama. Kulikuwa na bwana mmoja ambaye taa yake ilizimwa na mtu asiyejulikana wakati bibi harusi anaingia, wageni wakakanyagana, sinia la pilau likaenda chini. Hakimu alisikiliza kwa makini sana. Alieleza kwamba aliyezima hawezi kutafutwa, maana bawabu hakumuuliza jina, na kumtaka bawabu aulize ni uhaini. Katika tukio zima aliyethibitika kuwepo bila shaka yoyote ni taa yenyewe. Taa ikahukumiwa kugeuzwa ielekee ukutani mwezi mzima. Mwenye taa aliinamisha kichwa akaishukuru mahakama.

Nilihudhuria na Baraza pia. Humo kuna vyama viwili ambavyo vimeshindana tangu enzi za mababu. Chama cha Waziwazi kinashikilia kwamba neno washa liandikwe nje, pamoja na anwani, ili hewa yote ilione. Chama cha Bahasha kinashikilia kwamba neno lifungiwe ndani, anwani pekee ndiyo ionekane, maana ombi la mtu ni siri yake. Siku niliyokwenda, msemaji wa Bahasha alizungumza tangu asubuhi hadi ukungu ukashuka, na wapinzani wake walilia kwa uzuri wa hotuba. Nilimuuliza jirani yangu kwenye benchi kama kuna chama kinachojadili ni nani anayeomba. Aliniangalia kama mtu aliyetukana msikitini, akasogea pembeni.

Nilipangishiwa chumba kwa Bi Mashavu, mjane mwenye sauti nzito na mikono mikubwa, ambaye nyumba yake iko katikati ya mtaa unaopanda kilimani. Nyumba yake ilikuwa na taa mbili. Moja ya kawaida, na nyingine ya rangi ya chungwa, kwenye dirisha la barazani. Hiyo ya pili inaitwa taa ya uzima, na sharti nieleze maana yake, kwa kuwa mambo yote yaliyofuata yaliizunguka.

Mashariki ya Mwitiko kuna nyika ya chumvi isiyo na mwisho, na ng'ambo ya nyika kuna machimbo ambako vijana huenda kutafuta maisha. Hukaa huko miaka mingi. Barua hazivuki ile nyika, wala sauti haivuki. Kinachoweza kuvuka ni ombi fupi tu, anwani na neno moja, na jibu la bawabu. Basi desturi ikawa hivi: kijana akiwa mzima, kila alasiri huiwasha taa ya uzima ya kwao, nayo hujizima yenyewe alfajiri. Hana namna ya kusema amekula nini, ameoa au anaumwa jino. Anasema tu: nipo.

Alasiri ya kwanza nilikuwa nimekaa na Bi Mashavu barazani, anachambua choroko kwenye ungo. Ghafla ile taa ya rangi ya chungwa ikawaka, pasipo mtu kuigusa.

"Marahaba, baba," alisema Bi Mashavu bila kuinua macho.

"Unamwitikia nani, mama?"

"Mwanangu Feruzi. Si umeona ananiamkia?"

Nitasema kweli, nilihisi nywele zinanisimama. Mtu yuko ng'ambo ya chumvi, hatumwoni, hatumsikii, na mwanga wake umekaa nasi barazani unaangaza choroko. Niliwaza kwamba kama miaka yote ya chuo ilikuwa kwa ajili ya kuniwezesha kukielewa kitu kile kimoja, basi sikupoteza hata siku.

Ila kuelewa nako kuna taabu yake. Siku zilizofuata nilipenda kwenda kukaa chini ya mtaa kuzitazama taa za uzima zikiwaka, na nikaona jambo. Zilikuwa zinawaka kwa kufuatana. Nyumba ya chini kabisa, kisha ya pili yake, kisha ya tatu, kwa mwendo mmoja, kama mtu anayepanda kilima huku anabisha hodi kila mlango. Vijana waliotawanyika katika machimbo mbalimbali hawawezi kukumbuka nyumbani kwa mpangilio wa nyumba za mtaa. Nilijaribu kujidanganya. Nikashindwa, nikaenda kuuliza serikalini.

Nilielekezwa Ofisi ya Faraja. Juu ya mlango wake pameandikwa: HAPA HAKUNA ANAYENGOJA. Mkuu wa ofisi, Bwana Nyange, ni mtu mnene, mpole, mwenye kitambaa cha kufutia miwani ambacho hakikutoka mkononi. Alinikaribisha chai kabla sijasema shida yangu.

"Nimeona taa za uzima zinawaka kwa kufuatana," nilisema. "Kutoka chini kwenda juu."

Uso wake ulichangamka. "Umeona, eh? Wachache wanaona. Ule mpangilio ni kazi yangu. Zamani mashine ilikuwa inarukaruka ovyo, mara huku mara kule. Haikupendeza."

"Mashine gani, mheshimiwa?"

Alinieleza bila kuficha chochote, kama mtu anavyomweleza mgeni juu ya shamba lake. Zamani, alasiri ikifika, nyumba moja inawaka na ya pili inabaki giza. Nyumba ya giza inaanza kulia. Nyumba yenye mwanga inaona haya kufurahi. Kazi zinalala, watu hawapiki. "Serikali ikae tu inatazama?" alisema. Ndipo wakaajiriwa makarani wenye huruma, wawe wanaziwasha zile taa zilizochelewa. Baadaye ikaonekana ni ukatili kumwacha mama apate wasiwasi kwanza ndipo afarijiwe, mashine ikapewa anwani zote. Sasa huwasha kabla mtu hajaanza kungoja.

"Na vijana wenyewe? Hawawashi tena?"

"Nani kasema? Wawashe, hatumzuii mtu. Ila taa inayowaka ukiiambia iwake itafanya nini? Inajibu 'Tayari', basi."

"Kwa hiyo mtoto akiwasha, mama hawezi kujua."

"Na asipowasha, mama hawezi kujua," alisema kwa upole. "Hiyo ndiyo faraja yenyewe, mwanangu."

Alinionyesha takwimu zilizotundikwa ukutani ndani ya fremu. Tangu Ofisi ya Faraja ifunguliwe, hakuna kijana hata mmoja wa Mwitiko aliyefia ng'ambo. Sheria inasema taa ya uzima ikiwaka, mwenyewe ni mzima, na nyumba ya mtu mzima haiwezi kuweka matanga.

"Wale wasiorudi?" niliuliza.

"Wanaorudi wanarudi. Wasiorudi wanaendelea vizuri."

Nilitafuta kejeli usoni pake nisiione. Alifuta miwani, akainama kuelekea kwangu kama mtu anayetoa siri. "Mimi mwenyewe nina binti kule. Kila siku nikishaifungulia mashine natoka mbio niwahi nyumbani kuiona taa yangu ikiwaka. Moyo unatulia kweli. Usinicheke."

Sikumcheka. Ningeweza kumkumbatia.

Nilirudi nikiwa na mzigo. Siku mbili tatu nilimkwepa Bi Mashavu, nikila haraka na kuingia chumbani, mpaka akanishika mkono mlangoni.

"Wewe una jambo. Chakula changu kibaya?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, nikitazama sakafu, nikitegemea kusikia ungo ukianguka. Haukuanguka.

"Mwanangu," alisema, "unadhani mimi mjinga? Feruzi hata kuzaliwa alichelewa. Mkunga alikwenda kwake akala akarudi. Shuleni alichelewa, sala ya Idi alichelewa, siku ya safari yake wenzake walimngoja njiani. Leo uniambie kila siku ananiamkia mapema kuliko mtaa wote? Huyo si Feruzi. Nimejua miaka."

"Sasa mbona unaitikia?"

"Nisipoitikia, nimemzika kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikiitikia, namwitikia nisiyemjua. Nimechagua la pili. Wewe ungechagua lipi?"

Nikajikuta naeleza mambo ya ufundi, kama wafanyavyo watu wa fani yangu wakiona haya. Nilimweleza kwamba huenda Feruzi anawasha kila siku, kwa kuchelewa kwake, na kila siku anajibiwa "Tayari". Ombi lake linafika; ila linaikuta taa inawaka, likapotea ndani ya mwanga kama tone la maji ndani ya mtungi. Kinachoweza kuwashwa ni taa iliyozimwa tu. Na mashine ya Bwana Nyange hupita mara moja kwa siku.

Bi Mashavu aliweka mikono yake mikubwa magotini.

"Kwa hiyo nikiizima baada ya mashine kupita..."

"Atakayeiwasha tena ni mtu."

"Na isipowashwa?"

Hapo mlango ukasukumwa, akaingia jirani yake wa mkabala, Bi Siwema, mwanamke mwembamba, mwepesi wa ulimi, ambaye binti yake Mwanaidi alikwenda machimboni siku moja na Feruzi. Alikuwa amesimama nje akisikiliza na wala hakuona haya kulisema.

"Nimesikia yote, na nasema hivi: astaghfirullah! Mashavu, uizime taa ya mtoto wako? Umeona wapi mzazi anamzimia mwanawe?" Akanigeukia. "Na wewe na digrii yako! Kwenu mama zako wamekosa cha kuzimiwa mpaka uje kutuzimia sisi?"

"Shoga, kaa kwanza," alisema Bi Mashavu.

"Sikai! Ikibaki giza utafanya nini? Nani atakuja kulala na wewe?"

"Wewe."

Bi Siwema alikaa. Alivuta upande wa kanga yake, akaukunja, akaukunjua. Desturi ya kutozima taa ya uzima haikuandikwa popote Mwitiko, haikuhitaji. Kidole cha mama kuandika neno zima kwenye anwani ile ni sawa na mama kuomba dua mbaya.

Alasiri ilipofika tulikuwa watatu barazani. Ukungu ulishuka. Taa za mtaa zilianza kuwaka kutoka chini, moja, nyingine, nyingine, ikafika zamu ya Bi Mashavu, ikawaka, kisha ya Bi Siwema mkabala, kisha zikaendelea kupanda. Bi Mashavu hakuitikia. Alichukua kibao, akaandika tarakimu. Akakosea, hewa ikamrudishia "Hapana mtu", naye akashtuka kana kwamba ameambiwa habari. Akaandika upya.

Taa ikazimika.

Tulikaa gizani. Nami, nasema hili kwa sababu ni sehemu ya habari, nilikuwa na kibao changu mfukoni, na anwani ya taa ile nilikuwa naijua kwa moyo. Nilisikia pumzi za Bi Mashavu zikianza kukatika. Kitu chepesi kuliko vyote duniani kilikuwa kuingiza mkono mfukoni, kuandika neno moja, na kumpa mama huyu mwanawe. Bawabu asingeniuliza jina. Hapo nilimwelewa Bwana Nyange, na makarani wake wa kwanza, na jinsi nchi ya watu wenye huruma inavyoweza kufika ilipofika. Nilikalia mikono yangu.

"Amekufa," alisema Bi Mashavu taratibu.

"Si alikuwa mchelewaji?" alisema Bi Siwema. "Umpe basi nafasi ya kuchelewa."

Taa ikawaka.

Bi Mashavu aliitazama, akatutazama mmoja mmoja, kama anatukagua mikono. Kisha akanyakua kibao akaizima.

"Mashavu! Una wazimu?" alipiga kelele Bi Siwema.

"Ngoja."

Ikawaka tena, safari hii haraka. Akazima. Ikawaka. Niliona kilichokuwa kinatokea. Mtu aliyejibiwa "Tayari" miaka yote, leo amejibiwa "Nimewaka", na alipojaribu tena, badala ya "Tayari" akajibiwa tena "Nimewaka". Naye amejua kwamba huku kuna mkono unaozima. Miaka yote ile yeye pia hakuwa na habari kama mama yake yu hai.

Sasa hakungoja mama azime; alizima mwenyewe huko aliko. Ilizimika na kuwaka, ikazimika na kuwaka, mbio mbio, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Amekasirika!" alisema Bi Mashavu, huku machozi na kicheko vinamtoka pamoja. "Mwone! Mashine hukasirika? Huyo ni wangu. Hana subira huyo, hajawahi kuwa nayo. Feruzi! Baba! Nipo!"

Nimeona mambo mengi ya ajabu katika nchi ile. Sijaona lililozidi ile taa ndogo ya chungwa ikigombana na mama yake.

Bi Siwema aliondoka bila kuaga. Kisha tukaona kupitia ukungu: taa ya dirisha lake, mkabala na sisi, ikazimika.

Mwanaidi hakuwa mchelewaji. Alikuwa msichana wa kufika kabla ya wenzake na kuwapangia viti. Taa yake ilibaki giza siku ile. Kesho yake mashine ilipopita Bi Siwema aliizima tena, akakaa mlangoni, na Bi Mashavu akaacha yake ikimulika bure akaenda kukaa naye. Nami nilikwenda. Alasiri moja niliupeleka mkono mfukoni bila kujua, na Bi Siwema, ambaye nilidhani ananipa mgongo, akasema, "Usithubutu, kijana. Nimekwisha kuwashiwa vya kutosha." Siku zilikwenda hivyo mpaka mwezi mwingine ukaandama. Kisha alasiri moja alisimama, akaifunga kanga kiunoni, akasema, "Basi. Nitandikieni mkeka."

Yalikuwa matanga ya kwanza Mwitiko tangu Ofisi ya Faraja ifunguliwe, na watu walikuwa wamesahau namna ya kuyafanya. Hawakujua nani achemshe kahawa, wala wakae upande gani. Bwana Nyange alikuja kuyazuia. Alisimama nje ya baraza na kitambaa chake, akasema kwa sauti ya kuomba radhi kwamba kwa mujibu wa taarifa za mchana huu taa ya nyumba hii inawaka, na mwenyewe ni mzima.

Bi Siwema alitoa kibao mbele yake, akaizima taa.

"Bwana Nyange," alisema, "umenitunza miaka mingi, sikulaumu. Lakini hukumtunza Mwanaidi. Mtoto wangu amelala hajaliliwa na mtu. Vua viatu ukae."

Alivua viatu akakaa. Aliinua macho mara kwa mara kuelekea kilimani, kwenye nyumba yake.

Wakaanza kumzungumza Mwanaidi. Mmoja akasema alivyowahi kumfukuza mwalimu wa zamu kwa fagio akidhani ni mwizi. Mwingine akasema alivyoimba vibaya, na asinyamaze. Watu wakacheka, wakashtuka kwamba wanacheka, wakaendelea. Bi Mashavu alikuwa anazunguka na birika. Wakati huo huo, mkabala, taa ya chungwa kwenye dirisha lake ikaanza kuwaka na kuzimika, taratibu kwanza, kisha kwa haraka ya mtu aliyechoka kungoja. Baraza lote likaona. Vicheko vikakatika. Bi Mashavu aliipa mgongo, akaendelea kumimina kahawa, na mkono wake ukamwaga kidogo nje ya kikombe.

"Mashavu," alisema Bi Siwema kutoka mkekani. "Mwanao anakuita."

"Anajua nipo. Leo nipo kwa jirani."

"Nenda bwana, ukamzimie mara moja. Asije akadhani na wewe umekufa, tukawa na misiba miwili na kahawa yenyewe hii ndogo."

Bi Mashavu alitua birika, akavuka njia mbio, kanga inampeperuka. Sote tuligeuka tukatazama. Dirisha likawa giza, na ng'ambo ya chumvi mtu mmoja asiye na subira akaliwasha. Bi Siwema ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka, kwa sauti, kichwa nyuma. Kisha akalia, akalia sana, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia anyamaze.